Landrover Series III inasumbua: soma dalili kwanza, af ndo ujue cha kuboresha

Mtu akishaipata Landrover ya zamani, iwe 88 ile fupi au 109 ndefu, unakuta kitu cha kwanza anachowaza ni injini ya Kijapani, rimu pana na winchi mbele. Mimi napingana na hilo kabisa, na napingana kwa sababu nazipenda hizi gari na nataka ziendelee kutembea wenyewe wakiwa wazima. Series III zilitoka kiwandani kuanzia 1971 mpaka 1985, yani hata ile ya mwisho kabisa imeshafika miaka 40, na breki zake, taa zake na usukani wake vilitengenezwa kwa mwendo wa enzi hizo, sio kwa kipande cha Chalinze kwenda Morogoro saa mbili usiku, basi liko nyuma yako na semi inakuja mbele. Ukiiwekea injini yenye nguvu maradufu kabla hujagusa breki, umeongeza mwendo kwenye gari ambayo hata mwendo wake wa zamani ilikuwa inausimamisha kwa shida.

Kingine, tuache kununua spea kwa kubahatisha. Gari inachemsha, mtu ananunua rejeta mpya, bado inachemsha, ananunua pampu ya maji, bado, hela imeisha na chanzo kilikuwa kitu kidogo tu ambacho fundi alikitoa mwaka jana. Kwahiyo hapa naenda kwa dalili: gari inafanya nini, kwanini, unahakikishaje, af ndo uboreshaji upi unastahili hela yako. Naanza na vinavyoweza kuua, vinavyokulaza njiani vitafuata. Naongelea zaidi ile ya petroli ya 2.25, cc 2286, lakini breki, usukani na umeme ni karibu yaleyale hata ukiwa na dizeli.

Pedeli ya breki inaenda chini

Hapa tukae. Usimwambie fundi "breki mbovu" tu, mwambie pedeli inafanya nini, maana kuna namna tatu na kila moja ina chanzo chake.

Namna ya kwanza, ukikanyaga inaenda chini, ukipampu mara mbili inapanda na kushika vizuri. Hiyo mara nyingi ni breki shuu ziko mbali na dramu. Series III haina adjasta ya kujikaza yenyewe, kuna boliti nyuma ya bamba la breki, unapandisha gurudumu, unaizungusha mpaka gurudumu ligome, af unairudisha kidogo kidogo mpaka lizunguke huru. Hapo hujanunua kitu chochote. Wapo watu wamebadilisha masta silinda kwa tatizo ambalo lilitaka spana moja na nusu saa.

Namna ya pili, pedeli inabonyea bonyea, haina ugumu wowote hata ukipampu. Hiyo ni upepo kwenye laini. Kutoa upepo kwenye 109 kunachosha watu kwa sababu mbele kila gurudumu lina silinda mbili, ukitoa kawaida kuna upepo unabaki umejificha. Kaza adjasta zote kabisa kabla ya kuanza, shuu zishike dramu, hapo pistoni zinabaki zimerudi ndani na upepo unakosa nafasi, ukishamaliza kutoa ndo unaadjasti upya.

Namna ya tatu ndo mbaya. Unakanyaga, pedeli inasimama vizuri, unaendelea kuibana gari ikiwa imesimama na yenyewe inashuka pole pole mpaka chini. Kagua magurudumu yote manne kwa ndani, kagua paipu zote, kagua juu ya pedeli pale. Kama hakuna sehemu panalowa, basi ni sili za ndani ya masta silinda zinapitisha oili. Usiiendeshe hiyo gari hata kwenda sokoni.

Sasa uboreshaji. Series III nyingi zina laini moja tu ya oili inayolisha magurudumu yote manne, maana yake paipu moja ya chuma iliyoliwa na kutu ikipasuka unapoteza breki ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, unabaki na gia na maombi. Kwangu mimi hii ndo hela ya kwanza kabisa kutumia kwenye gari hii: masta silinda ya laini mbili pamoja na servo yake (kifaa kinachoongezea mguu wako nguvu), ile iliyokuja kwenye Series III za baadaye. Inaingia kwenye gari za mwanzo ila lazima ubadilishe na boksi la pedeli, na paipu zigawanywe upya, mbele kivyake na nyuma kivyake. Ukiwa umezifungua paipu weka mpya za aina ya kopa iliyochanganywa nikeli, hizo haziliwi na kutu, na kwa watu wa Tanga, Dar na Zanzibar hilo sio anasa. Paipu za mpira badilisha zote kwa pamoja, usibadilishe iliyopasuka tu.

Mwenye 88 ana uboreshaji mmoja mzuri zaidi. Zake nyingi zina dramu za inchi 10, wakati 109 ina za inchi 11 na zile silinda mbili mbele. Breki za mbele za 109 zinaingia kwenye 88, spea zake ni zilezile za Landrover, na fundi yeyote aliyewahi kushika 109 anazijua. Diski za mbele zipo pia, ni nzuri, hasa ukivuka mito na madimbwi maana dramu ikishalowa inachelewa kukauka, lakini diski kwenye gari yenye laini moja ya oili ni kuanzia juu na kuacha msingi.

Breki zinashika vizuri mjini, mlimani zinaisha

Ukishuka mlima Kitonga ukakuta pedeli inakuwa ndefu na breki zinanuka, kuna mambo mawili yanafanyika kwa wakati mmoja. Lainingi zimepata joto zinateleza kwenye dramu, na oili ya breki inachemka ndani ya silinda inatoa mvuke, mvuke unabonyea, oili haibonyei. Oili ya DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, ila inanyonya unyevu kutoka hewani kidogo kidogo, na ikishalowa kiwango chake kinaweza kushuka mpaka 155. Ndo maana inabadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama haijapungua. Oili nyeusi kwenye kopo ni dalili tosha. Usichanganye DOT 4 na DOT 5, ile DOT 5 ni silikoni, ni kitu kingine kabisa.

Na kwenye mteremko shuka na gia ileile ambayo ungeitumia kupanda, breki uzikanyage kwa vipindi, kanyaga ipungue, achia zipoe. Kukalia breki toka juu mpaka bondeni hakuna diski wala servo itakayokuokoa.

Gari inavuta upande mmoja ukifunga breki

Kama inavuta kushoto, gurudumu linaloshika vizuri ni la kushoto, mgonjwa yuko kulia. Fungua dramu ya kulia. Ukikuta mafuta mazito yenye harufu kali ya kiberiti hiyo ni oili ya difu imepita kwenye oili sili ya habu, ukikuta majimaji mepesi yanayobabua rangi hiyo ni oili ya breki, silinda inavuja. Vyovyote vile lainingi iliyolowa mafuta haifai tena, watu wanaiosha kwa petroli au kuibabua kwa moto, mafuta yameshaingia ndani yatarudi tu ikipata joto. Badilisha pande zote mbili, na tengeneza kilichovujisha kwanza, la sivyo mwezi ujao uko palepale.

Gurudumu moja likiwa la moto baada ya safari na mengine yamepoa, breki haiachii. Pandisha, fungua nipo ya kutolea upepo. Gurudumu likilegea hapohapo basi oili ilikuwa imefungiwa, mara nyingi paipu ya mpira imevimba kwa ndani, oili inaenda mbele ila hairudi, kwa nje paipu inaonekana nzima kabisa. Lisipolegea, tatizo liko ndani ya dramu, silinda imeganda au springi ya kurudishia shuu imekatika.

Handbreki haishiki

Handbreki ya hizi gari haiko kwenye magurudumu, iko kwenye propela, dramu moja nyuma ya gia boksi. Isiposhika, mara nyingi oili sili ya pale nyuma imevuja na lainingi imelowa, kukaza waya hakusaidii. Jambo la kujua hata kama inashika vizuri: ukipandisha gurudumu moja la nyuma kwa jeki, handbreki inakosa kazi, kwa sababu difu inaruhusu lile lililo hewani lizunguke na gari inatembea inaanguka kwenye jeki. Weka jiwe au kabari magurudumu ya upande mwingine, mbele na nyuma, kila mara, hata sehemu tambarare. Na handbreki usiivute gari ikiwa kwenye mwendo.

Usukani unatangatanga

Hii watu wameizoea mpaka wanaona ndo tabia ya Landrover. Sio kweli. Series III iliyotunzwa inaenda moja kwa moja, ila kati ya mikono yako na tairi kuna viungio vingi na kila kimoja kikiwa na mchezo kidogo unapata usukani unaozunguka robo ndo gari inaanza kugeuka.

Anza na bure: upepo wa tairi sawa kushoto na kulia. Af mwite mtu akae ndani azungushe usukani kushoto kulia kidogo kidogo, injini imezimwa, magurudumu chini, wewe uko uvunguni unaangalia na kushika kwa mkono. Tairodi ziko sita kwenye mfumo huu, kila moja inayocheza utaihisi kwenye vidole. Halafu angalia relei ya usukani ile iliyoingia kwenye chasisi mbele, kama mkono wa juu unatembea na wa chini unachelewa, imekwisha au imekauka oili. Mwisho boksi la usukani lenyewe. Usikimbilie kukaza skrubu ya boksi kabla ya kukagua tairodi, ukiikaza sana usukani unagoma kurudi wenyewe baada ya kona na hiyo ni hatari kuliko mchezo uliokuwepo.

Kama vyote hivyo vizima, angalia yu-bolti za springi zimelegea au vipi, bushi za springi, beringi za magurudumu. Ekseli ikitembea juu ya springi gari inageuka yenyewe bila wewe kugusa kitu.

Mbele kukitetemeka kwa nguvu ukifika kilomita 60 au 70, hasa baada ya kugonga shimo, hapo waza kingipini (pini ambazo gurudumu la mbele linageukia) zimelegea, mizania ya magurudumu na bushi. Kuna kishokapu cha usukani ambacho watu wanakifunga na mtetemo unapungua. Ni kizuri, mimi nakikubali, ila kifungwe baada ya kingipini kutengenezwa, ukikifunga kabla kinaficha ugonjwa tu huku kingipini zinaendelea kuliwa.

Springi za paraboliki zenye majani machache zinafanya gari iwe laini na tairi zishike barabara vizuri zaidi kuliko majani kumi yaliyoshikana kwa kutu. Zinataka shokapu nzuri. Kama 109 yako inabeba mzigo mzito wa kila siku, kaa na springi za kawaida, zifungue, zisafishe, zipake grisi katikati ya majani.

Tairi zina vishimo vizuri lakini

Soma namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Gari za kupenda kama hizi hazitembei sana kwahiyo tairi inazeeka kabla ya kuisha, inaonekana nzima huku mpira umekakamaa una nyufa ndogo pembeni. Ikipita miaka kumi itoe hata kama bado ina vishimo vyote, na tairi za mtumba zisome namba kabla hujalipa. Kuhama kutoka tairi za kizamani za 6.00-16 au 7.50-16 kwenda tairi za radial za saizi inayolingana ni kati ya maboresho utakayoyasikia siku ileile, breki zinafupika na gari inatulia kwenye lami. Zote nne radial, usichanganye.

Mikanda

Hii haina dalili, siku ikija kuonekana imeshachelewa. Fito ya usukani kwenye Series ni chuma kigumu kinachoelekea kifuani kwa dereva na hakijikunji kikigongwa, dashibodi ni plastiki, hakuna puto la hewa. Kwahiyo kitu pekee kinachokuzuia ni mkanda, na gari nyingi mikanda yake imekauka, imeliwa na jua au haipo. Weka ya pointi tatu viti viwili vya mbele. Boliti za mikanda ni za aina yake, inchi 7/16 za chuma kigumu, usitumie boliti yoyote uliyoikuta kwenye kopo, na bodi hizi ni aluminiamu, nyembamba, mkanda ukifungwa kwenye aluminiamu peke yake utang'oka nayo. Lazima nyuma kuwe na bamba nene la chuma au ufungwe kwenye chuma cha fremu.

Na kabla ya kufunga gonga hicho chuma kwa nyundo, pamoja na chasisi yote, mikono inayotoka pembeni, ncha za mbele zinapokaa springi, boriti ya nyuma. Sauti kali ni chuma, sauti butu ni kutu iliyofunikwa rangi. Aluminiamu ya juu inang'aa mpaka leo na watu wanadanganyika nayo, chini chasisi ni chuma na imekufa. Kuchomelea viraka juu ya kutu sio matengenezo, kata mpaka ufike chuma kizima.

Vile viti vya ubavuni nyuma kwenye 109, watu wanakaa wanatazamana, usipakie watoto humo kwenye barabara kuu. Najua ndo tulivyokua wengi wetu, ila kwa mwendo wa leo hapana. Viti vinavyotazama mbele vyenye mikanda yake vinaweza kufungwa, na siti za mbele zenye pa kuegemeza kichwa ni nyongeza ya maana sana kwa mtu anayegongwa kwa nyuma kwenye foleni.

Taa ziko hafifu

Kabla ya kununua balbu kali pima. Washa taa kubwa injini ikiwa imezimwa, pima volti kwenye betri, halafu pima kwenye plagi ya taa yenyewe. Ukikuta betri ina 12.4 na taa inapata 10.8, balbu haina kosa, umeme unapotelea njiani, maana kwenye hizi gari umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye waya mwembamba wa zamani na kwenye swichi mbili kabla ya kufika mbele. Na mwanga unaumia kuliko volti, volti zikipungua asilimia 10 mwanga unapungua karibu asilimia 30. Sasa ukiweka balbu kubwa zaidi unaongeza joto kwenye swichi ileile, inayeyuka, usiku, unabaki gizani kwenye mwendo.

Dawa ni rilei mbili (swichi zinazoamshwa na umeme mdogo ili zipitishe umeme mkubwa), moja ya full na moja ya dim, waya mnene wa milimita za mraba 2.5 au zaidi kutoka betri, kila laini na fyuzi yake karibu na betri, swichi ya zamani inabaki kazi yake ni kuamsha rilei tu. Safisha na ethi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi) ya kila taa, kwangua rangi mpaka chuma. Hapo ndo utoe taa za zamani uweke za duara za inchi 7 zinazotumia balbu ya H4 ya 60/55, na angalia kioo kiwe cha nchi zinazoendesha kushoto, vingine vinavyoletwa ni vya kulia, dim yake inapanda kulia na unampofusha kila anayekuja mbele yako. LED za bei ndogo zinazochomekwa ndani ya taa ya H4 zinatawanya mwanga vibaya, mimi siziweki mbele. Nyuma sasa, LED kwa taa za breki na za kuegesha ni nzuri mno, taa za nyuma za Landrover ni ndogo na aliye nyuma yako anatakiwa akuone mapema. Ukiweka LED kwenye indiketa itabidi ubadilishe na flasha, ya zamani itawaka haraka haraka au itagoma.

Starta nzito, betri inakufa, umeme wa mashetani

Ukikuta waya wa choki unapata moto unapopiga starta, umeshapata jibu. Ethi ya injini imekatika au ina kutu, umeme wa starta unarudi betri kupitia waya wa choki. Karibu nusu ya vitu vya ajabu vya umeme kwenye gari hizi, indiketa inawasha taa ya breki, geji ya mafuta inaruka ukipiga honi, ni ethi. Weka nyaya mpya nene, betri kwenda chasisi, chasisi kwenda injini, na moja kwenda bodi.

Injini ikiunguruma betri isome kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya hapo kagua mkanda wa feni kabla ya kulaumu alteneta. Alteneta ya Lucas iliyokuja na gari nyingi ni ya ampea 34, inatosha kwa gari ya kawaida, ila ukiongeza feni ya umeme, redio, taa na friji ya safari itashindwa, hapo weka ya ampea 65.

Af funga swichi ya kukata betri. Series III ina fyuzi chache na nyaya kubwa nyingine hazina fyuzi kabisa, insuleshi ya miaka 40 imekakamaa, ikipasuka ikagusa bodi hakuna cha kuzuia moto. Ukilaza gari kata umeme.

Inachemsha

Inachemsha lini? Hilo ndo swali. Ikichemsha kwenye foleni, Kimara saa kumi na moja jioni, ukianza kutembea inapoa, tatizo ni hewa: mapezi ya rejeta yamejaa matope na wadudu, feni ina mkanda legevu, au lile boma la plastiki au bati linalozunguka feni lilitolewa likatupwa. Lirudishe, bila hilo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Ikichemsha ukipanda mlima na mjini iko sawa, tatizo ni mzunguko wa maji, rejeta imeziba ndani, au taimingi imechelewa, yani cheche ya plagi inakuja kwa kuchelewa.

Sasa themostati. Kuna desturi kubwa ya kuitoa, eti huku kwetu joto haihitajiki. Kwenye injini ya 2.25 hiyo ni kosa kubwa, kwa sababu injini hii ina njia fupi ya maji yanayozunguka ndani bila kupita kwenye rejeta wakati wa baridi, na themostati sahihi ina sketi ambayo ikifunguka inaifunga ile njia fupi. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji ya moto inarudi injini bila kupoa. Kwahiyo kuitoa kunaweza kuwa ndo sababu inachemsha. Ukinunua mpya hakikisha ina hiyo sketi, zipo za jumla zisizo nayo zinaingia pale vizuri kabisa na hazifanyi kazi hiyo.

Mfuniko wa rejeta pia badilisha, ukipoteza presha maji yanachemka mapema. Na maji ya kisima yenye chumvi yanajenga magamba ndani ya rejeta na bloku, tumia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa chumvi. Ikiwa maji yanapungua hayaonekani yanapovujia, oili imekuwa nyeupe nyeupe ya maziwa au rejeta inatoa mapovu mfululizo injini ikiunguruma, hiyo ni gasketi ya hedi, acha kutafuta kwingine. Mfuniko usiufungue gari ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa.

Inamisi, inazima njiani

Inapozima ghafla kuna maswali mawili, moto upo, mafuta yapo. Anza na moto kabla hujafungua mafuta, chomoa waya wa plagi, weka plagi ya akiba, iguse injini, mtu apige starta. Cheche ya njano dhaifu au hakuna, angalia kontakti pointi (swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme wa koili), uwazi uwe milimita 0.35 mpaka 0.40, af kondensa. Kondensa za siku hizi nyingi hazidumu, gari inaenda vizuri ikiwa baridi, ikipata moto inamisi inazima, ukisubiri nusu saa inawaka tena, mtu anahisi ni mafuta.

Hapa moduli ya kielektroniki inayokaa ndani ya distributa mahali pa pointi inastahili hela yake, taimingi haihami tena na plagi zinawaka safi. Masharti mawili, koili iwe na ukinzani ambao moduli inataka, na usiache swichi ON injini imezimwa, inaungua. Pointi na kondensa nzima za zamani ziweke kwenye gari, moduli ikifa porini hakuna wa kuitengeneza.

Moto ukiwepo toa ea klina, sukuma throtol kwa mkono, petroli ikichirizika ndani ya kabureta mafuta yapo. Isipochirizika jioni ya joto kwenye foleni, petroli imegeuka mvuke kwenye paipu karibu na egzosi. Hamisha paipu, ikinge na joto, weka na filta njiani. Kabureta ya Zenith ina uso unaopinda kwa joto ikikazwa vibaya, injini inagoma kutulia usipokanyaga mafuta na inakunywa petroli, fundi mwenye kioo na msasa anaunyoosha.

Harufu ya petroli ndani

Usizoee harufu hii. Kwenye nyingi tanki liko chini ya kiti cha mbele, yani umelikalia. Kagua mpira wa kujazia, mpira wa kupumulia, sili ya geji juu ya tanki, halafu paipu za mpira kule kwenye pampu, zikunje kwa vidole, ukiona nyufa zitoe zote leo. Nunua za petroli, sio za maji, na klipu za kuzunguka zisizokata mpira. Ukienda kwenye pampu ya umeme hakikisha ina swichi inayoizima injini ikikosa presha ya oili au gari ikigongwa, bila hiyo itaendelea kumwaga mafuta gari ikiwa imepinduka. Mtungi wa kuzimia moto, ule wa unga wa kilo 2, ufungwe mbele ya kiti, mahali mkono wa dereva unafika akiwa bado amefunga mkanda, sio nyuma chini ya mizigo.